Taa Imezima, Cheni Inaruka, Breki Hazishiki: Utatuzi wa Matatizo ya Baiskeli za Milima Usiku Mombasa

Wengi wetu tunaoendesha baiskeli za milima Mombasa hutoka usiku kwa sababu mchana jua halikaliki. Ukishatoka kazini, jua nalo linazama. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza haliji polepole. Dakika 20 baada ya jua kuzama, njia ya mawe ya Nguu Tatu uliyokuwa ukiiona vizuri imekuwa nyeusi tititi, na chochote kitakachoharibika kuanzia hapo utakitengeneza kwa kupapasa.

Malalamiko ya waendeshaji ni yale yale, na wengi huyamaliza kwa kutaka kununua kifaa kipya. Mimi nashikilia kwamba hapa Pwani mshukiwa wa kwanza ni chumvi na unyevu, wa pili ni mawe ya matumbawe, na kifaa chenyewe kuwa kibovu ni jambo la kufikiria mwisho. Hewa yetu ina chumvi hata kama hujasogea ufuoni, na hula shaba, chuma na alumini kimyakimya baiskeli ikiwa imeegeshwa barazani. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, anza na kusafisha na kukaza. Ndipo uende mbali zaidi.

Taa inakatakata au kuzima ghafla kwenye mawe

"Nyumbani inawaka vizuri, nikifika kwenye mawe inakata." Hakuna lalamiko linalosikika kuliko hili, na mara nyingi taa yenyewe ni nzima.

Chanzo cha kawaida kabisa ni uchafu pale betri inapogusana na taa. Zima taa, fungua kifuniko cha betri, umulike ndani kwa simu. Kwenye springi au kwenye kile kisahani cha shaba utaona ukungu wa kijani au mweupe. Hiyo ni shaba iliyoliwa na chumvi, na umeme haupiti vizuri hapo. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti, sugua hadi shaba ing'ae. Kama ukungu umeganda, tumia msasa laini kabisa, kwa mkono mwepesi. Acha ikauke, kisha paka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye nyuzi za kifuniko na kwenye ule mpira wa duara unaozuia maji. Usiyapake kwenye shaba yenyewe.

Ikiwa imesafishwa na bado inakata, angalia springi. Mitikiso ya mawe huibonyeza hadi inalegea, betri ikaanza kucheza ndani. Tikisa taa karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagongagonga, vuta springi taratibu irefuke kidogo. Njiani unaweza kuizungushia betri kipande cha karatasi ngumu ili isicheze kushoto na kulia, mradi karatasi isizibe ncha zake.

Taa zenye betri ya kufungwa kwenye fremu zina tatizo lao, nao ni waya. Waya huchoka pale unapokunjwa kila unapogeuza usukani, na plagi huingia vumbi. Washa taa, kisha ushike waya sehemu moja baada ya nyingine ukiupinda kidogo. Pale taa inapokata ndipo ulipokatika. Utepe mweusi wa mafundi umeme utakufikisha nyumbani, lakini waya wa betri ya lithiamu uliochubuka ukaonyesha shaba usiuendeshee tena siku nyingine. Mpelekee fundi wa elektroniki aubadilishe.

Kisha kuna betri yenyewe. Seli nyingi za tochi na taa za baiskeli ni zile ziitwazo 18650, na sokoni bandia ni nyingi. Seli nzuri ya aina hii hubeba takribani mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri). Ukiona imeandikwa 9,900, maandishi hayo si ya kweli, basi. Ipime kwenye mizani ya duka, kwa sababu seli halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na za bandia mara nyingi ni nyepesi kuliko hapo. Kwa mita ya umeme, seli iliyojaa husoma karibu volti 4.2. Ukiitoa tu kwenye chaja ikasoma 3.9, imechoka. Ikisoma chini ya 2.5, usijaribu kuifufua.

Swichi iliyoingia maji ni chanzo cha mwisho. Ikiwa taa inajibadilisha yenyewe kutoka mwanga mkali hadi hafifu bila kuguswa, maji yako ndani. Toa betri, iache taa wazi kivulini, penye upepo, siku nzima. Usiianike juani kwenye bati.

Simama hapa: betri iliyovimba, inayotoa harufu tamutamu ya kemikali, au inayochoma mkono ikiwa kwenye chaja, hiyo imekwisha. Usiitoboe wala usiirudishe kwenye chaja, na usilale nayo ndani. Iweke nje, juu ya mchanga au saruji, mbali na kitu kinachoshika moto, kisha umpelekee fundi anayepokea betri chakavu. Taa ya kuchajiwa kwa USB ikiwa na maji kwenye tundu, isubiri ikauke kabisa kabla ya kuichomeka.

Taa inafifia yenyewe baada ya muda mfupi

Fanya hesabu kwanza. Seli moja ya mAh 3,500 ina takribani saa-wati 13. Taa inayotoa lumeni 1,000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, hula karibu wati 10. Maana yake seli moja, ikiwa mpya na nzuri, itakupa saa moja na ziada kidogo kwenye mwanga mkali kabisa. Anayetegemea saa tatu kwa seli moja anadai kisichokuwepo.

Kama betri imejaa na bado inafifia, ni joto. Taa za LED huwa na kinga inayopunguza mwanga zinapopata moto, na hupozwa na upepo wa mwendo wako. Usiku wa Machi hapa joto hukaa karibu na nyuzi 25 na unyevu ni mwingi, kwa hiyo ukisimama kupiga soga juu ya kilima huku taa ikiwa mwisho wa nguvu, itafifia ndani ya dakika chache. Ipunguze kila unaposimama. Safisha pia mapezi yake ya chuma, kwani tope lililokaukia hapo huzuia joto kutoka.

Taa ni kali, lakini njia huioni

Mwenye lalamiko hili hana tatizo la taa. Ana tatizo la mahali taa ilipo. Taa ya kwenye helmeti humulika kutoka karibu na macho, kwa hiyo vivuli vya mawe hujificha nyuma ya mawe yenyewe, na njia inaonekana tambarare kumbe imejaa mashimo. Taa ya kwenye usukani hukaa chini, na kila jiwe hutupa kivuli unachokiona. Ukiwa na taa moja tu, ifunge kwenye usukani. Ukiwa na mbili, ile ya kichwani iwe nyembamba na hafifu zaidi, kazi yake ni kukuonyesha kona unayogeukia kabla usukani haujafika.

Vumbi ni sababu ya pili. Kiangazi, ukimfuata mwenzako kwenye udongo wa Utange, vumbi lake hung'aa mbele ya macho yako likawa ukuta mweupe. Zima taa ya kichwani, mwachie nafasi. Hali ni hiyo hiyo kwenye mvua ya manyunyu na kwenye ukungu wa bondeni.

Taa ya usukani inayoinama kila unapogonga jiwe imelegezwa na jasho kwenye mpira wake. Kata kipande cha chubu kuukuu, kizungushe chini ya kishikio, kaza juu yake. Haitasogea tena.

Tairi linaishiwa upepo

Kuna namna mbili: linaloisha papo hapo na linaloisha polepole. La polepole ndilo hupoteza muda wa watu wengi, kwa sababu wanalijaza kila nusu saa wakiomba lifike.

Anza na valvu. Tema mate kidogo juu ya ncha yake. Yakitoka mapovu, kaza kiini cha valvu, na kama nyuzi zimeshika chumvi zipanguse. Hilo likiwa sawa, mshukiwa anayefuata ni mwiba. Pwani yetu ina mbigili, ule mwiba mdogo wa mmea unaotambaa kando ya njia, na ina mikunazi na migunga. Mbigili hutoboa shimo dogo kiasi kwamba tairi huchukua saa nzima kulala.

Jambo la kuzingatia ni hili. Kabla hujatoa chubu, kumbuka valvu ilikuwa wapi ukilinganisha na maandishi ya tairi. Ukipata tobo kwenye chubu, utajua ni sehemu gani ya tairi ya kuchunguza, na mwiba utakuwa hapo hapo. Wengi wanaopata pancha ya pili baada ya dakika 10 waliacha mwiba ndani. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, usipitishe kidole kikavu gizani. Kitambaa kitanasa pale ulipo mwiba, na kidole chako kitabaki kizima.

Matobo mawili yaliyo sambamba, kama meno ya nyoka, hayakusababishwa na mwiba. Hapo chubu imebanwa kati ya rimu na ukingo wa jiwe la matumbawe, na chanzo ni upepo mdogo. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.25 na chubu ndani, psi 28 hadi 32 (psi ni kipimo cha upepo kwenye pampu) ni mwanzo mzuri. Usiku ongeza kidogo, kwa kuwa utagonga mawe ambayo mchana ungeyakwepa.

Kiraka kinachobanduka ni kilio kingine, na hapa kwetu sababu yake ni jasho. Kausha mikono na chubu, sugua kwa msasa hadi mpira upoteze mng'ao, paka gundi nyembamba, kisha subiri. Subiri hadi gundi isiwe tena na majimaji inapoguswa, kama dakika tano, na kwenye unyevu wa masika zaidi ya hapo. Ndipo ubandike na ubonyeze kwa nguvu. Kwa kweli njiani ni bora ubebe chubu nzima, viraka uvifanyie nyumbani penye mwanga.

Matumbawe hukata pia ubavu wa tairi, na hilo ni baya kuliko yote. Kipande cha chubu kuukuu au cha pakiti ngumu ya plastiki kikiwekwa ndani, kati ya mpasuko na chubu, kitazuia chubu isichungulie nje. Jaza upepo nusu, rudi nyumbani polepole, na tairi hilo usilirudishe kwenye mteremko.

Wenye matairi yasiyo na chubu, majimaji ya kuziba hukauka upesi kwenye joto letu. Yakague kila baada ya miezi miwili. Ukitikisa gurudumu na husikii majimaji yakichezacheza ndani, yamekwisha.

Pancha imezibwa, lakini gurudumu halirudi kwenye breki

Wenye breki za mafuta hukumbwa na hili gizani. Gurudumu likiwa nje, mtu akaugusa mkono wa breki, padi, vile vipande viwili vinavyoibana diski, hukutana na diski haina pa kupita. Hakuna kilichoharibika. Ingiza kitu bapa cha plastiki au kijiti kati ya padi, zisukume taratibu zirudi pande zote mbili. Usitumie bisibisi ya chuma, utazikwaruza. Safari nyingine, ukitoa gurudumu weka kipande cha karatasi ngumu katikati ya padi.

Breki zinapiga kelele, hazishiki, au mkono unagusa usukani

Kelele peke yake, hasa dakika za mwanzo za usiku wenye umande, ni unyevu na kutu nyembamba juu ya diski. Funga breki mara kadhaa ukiwa kwenye mwendo mdogo, itaondoka. Kelele isiyoondoka ikiambatana na breki dhaifu ina maana mafuta yamefika kwenye diski, na mara nyingi aliyeyaleta ni mwenye baiskeli mwenyewe alipokuwa akinyunyizia cheni. Pangusa diski kwa spiriti na kitambaa safi. Toa padi, zisugue juu ya msasa uliolazwa, zipanguse pia. Wako wanaozichoma padi jikoni ili mafuta yatoke. Usifanye hivyo. Moshi wake si wa kuvuta, na padi iliyolowa mafuta haiaminiki tena kwenye mteremko wa usiku. Nunua nyingine.

Padi zilizokwisha ni sababu inayofuata. Mulika kutoka juu uangalie unene wa ile nyama ya padi, ukiacha bati lake. Chini ya milimita moja, badilisha kabla ya kutoka. Diski nayo huisha: nyingi za kampuni ya Shimano zikiwa mpya zina unene wa milimita 1.8, na zikifika 1.5 ni za kutupwa. Kiwango huwa kimechorwa kwenye diski yenyewe.

Padi mpya hazishiki mara moja. Tafuta barabara tambarare, piga mwendo wa kiasi, funga breki hadi karibu usimame, achia, rudia kama mara 20. Usiende kuzifundishia kazi juu ya Nguu Tatu saa mbili usiku.

Mkono unaozama hadi kwenye usukani kwa breki za waya ni waya kulegea au kula kutu ndani ya bomba lake. Kaza kwa ile nati ya kuzungusha kwa vidole. Mkono ukiwa mgumu na haurudi upesi, badilisha waya na bomba kwa pamoja, kwani kutia mafuta kwenye waya ulioliwa na kutu ni kuahirisha tu. Kwa breki za mafuta, mkono unaozama ni hewa iliyoingia au mafuta yanayovuja. Futa viungo vyote kwa karatasi nyeupe utafute palipolowa.

Simama hapa: ikiwa mkono unazama, au unavuja, usiteremke kwa baiskeli hiyo. Shuka, uisukume. Kuondoa hewa kwenye breki za mafuta ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na mwulize anatia mafuta gani. Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine, hutumia mafuta ya aina tofauti yaitwayo DOT. Ukichanganya, mipira ya ndani huharibika na breki hufa ukiwa njiani. Fundi akisema mafuta ni mafuta, chukua baiskeli yako utafute mwingine. Na usiguse diski mara baada ya mteremko mrefu, inaunguza ngozi.

Cheni inaruka, inalia au inaanguka

Cheni inayolia imekauka au imejaa mchanga. Mchanga ukikutana na oili nzito hugeuka kuwa kitu cha kusagia chuma, kwa hiyo oili ya injini, inayopendwa sana na mafundi wa mtaani, haifai. Pangusa cheni kwa kitambaa hadi kitambaa kitoke safi, tia tone moja la oili nyepesi kwa kila pingili, zungusha pedeli, kisha pangusa tena ile inayobaki nje. Hatua ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayozuia mchanga usishike.

Wanaokata njia kwa ufuoni, Shanzu au Bamburi, maji yakiwa yamekupwa, wajue kwamba safari moja ya maji ya chumvi hushinda wiki nzima ya tope. Suuza kwa maji baridi ya bomba usiku ule ule, bila kuyapiga kwa nguvu kwenye beringi, kausha, tia oili. Na angalia maji yenyewe: wakati wa bamvua bahari yetu hupanda zaidi ya mita 3, na palipokuwa na mchanga mgumu wakati wa kwenda huenda pasiwepo wakati wa kurudi.

Cheni inayoruka ukikanyaga kwa nguvu imerefuka au gia za nyuma zimeliwa. Pima kwa rula: jozi 12 za pingili, kutoka pini hadi pini, ni sentimita 30.48 ikiwa mpya. Ikipita 30.7, ibadilishe kabla haijala gia. Ukichelewa, utanunua vyote viwili.

Inayoruka kila gia bila mpangilio, wakati cheni bado mpya, ina waya wa gia uliolegea. Zungusha ile nati ya kurekebishia robo mzunguko, jaribu, zungusha tena. Ikiwa haikubali, simama nyuma ya baiskeli, mulika kile kidude cha kuhamisha cheni. Magurudumu yake mawili madogo yanapaswa kukaa wima, mstari mmoja na gia. Yakiwa yameinamia ndani, kipande cha alumini kinachokishikilia kimepinda kwa kugonga jiwe.

Simama hapa: ukikiona kimepinda, usiingie gia kubwa ya nyuma. Cheni na kidude chote vitaingia kwenye spoki, gurudumu litafungika ghafla, na wewe utaruka mbele. Baki kwenye gia za katikati hadi kwa fundi. Kukinyoosha kwa mkono njiani mara nyingi hukivunja.

Mlio usiojulikana unatoka wapi

Usiku milio husikika zaidi. Kaza boliti za kiti, pedeli na usukani kabla ya kulaumu fremu. Ukisikia mlio mkavu kutoka kwenye fremu yenyewe, ipanguse na uimulike kwenye viungio. Ufa ni mwisho wa safari, na fremu ya alumini si ya kuchomelewa na fundi wa mageti.

Macho hayazoei giza, au mwili unakataa

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kutazama simu mara moja hurudisha kazi nyuma. Punguza mwanga wa simu. Vaa miwani isiyo na rangi, maana wadudu hufuata taa ya helmeti na huishia machoni. Lakini kama wenzako wanaona njia na wewe huoni, kila safari, usinunue taa kubwa zaidi. Nenda ukapimwe macho. Kutoona vizuri usiku kuna sababu nyingi, baadhi zinatibika kwa urahisi zikiwahiwa.

Kizunguzungu na kichefuchefu baada ya kupanda kutoka Jomvu kuelekea Rabai mara nyingi ni maji na chumvi vilivyokwisha mwilini. Watu hudhani usiku hawatoki jasho. Keti, kunywa taratibu, lowesha shingo. Simama hapa ikiwa mwenzako ameanza kuongea mambo yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia: hicho ni kiharusi cha joto, mpoze kwa maji mwili mzima na umkimbize hospitali.

Nyoka nao ni wa kuzingatia. Bafe hulala njiani usiku na hakimbii, hutegemea kutoonekana. Pwani kuna pia swila mkubwa wa kahawia anayetema sumu, aliyetambuliwa na wanasayansi kama aina ya peke yake mwaka 2007. Usiweke mguu wala gurudumu usipopaona, na kabla ya kuketi kuziba pancha, mulika pande zote. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika nyingi, elekea hospitali. Ukiumwa, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa, usitembeze kiungo kilichoumwa, na upelekwe hospitali mara moja. Mwingine apige simu mbele, kwa mfano Hospitali Kuu ya Pwani, aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili msipoteze muda.

Umekwama kabisa

Hifadhi ya Shimba Hills si mahali pa kuwa usiku; ina ndovu, na hufungwa jioni. Nguuni kuna twiga na pofu, na misitu ya mivinje iliyopandwa kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi tangu 1971 ina wenyewe na saa zake. Omba ruhusa kabla, usikutwe ndani ukiwa na pancha.

Kwingineko, ikiwa hakuna cha kutengeneza, weka taa kwenye mwanga mdogo kabisa na usibishane na giza. Wapelekee wenzako mahali ulipo kwa simu kabla betri haijashuka, kisha tembea kuelekea barabara ya lami kwa njia uliyojia, hata kama nyingine inaonekana fupi. Tuktuk hubeba baiskeli ukitoa gurudumu la mbele. Kwa dharura piga 999 au 112, utaje alama iliyo karibu: shule, msikiti, kituo cha maji. Taa ya nyuma iache inawaka hata ukiwa unasukuma kwa miguu, kwa kuwa bodaboda za njia za ndani hupita kwa kasi na hazitarajii kumkuta mtu hapo.